Mwendo wa Baba

Shuleni, Mpanda
2 Februari 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima na masomo ya kidato cha nne yameanza kwa kasi. Nakuandikia kwa sababu Jumapili tunapewa simu ya mwalimu wa zamu kwa dakika tano, na nyuma yangu huwa kuna foleni ya wasichana wanaosikiliza. Kuna jambo siwezi kulisema wakisikiliza. Hata Krismasi ulipokuwa likizo nyumbani Sibwesa nilishindwa kulisema, na pale hapakuwa na foleni.

Baba, siku ya pili ya likizo yako ulimimina chai pembeni ya kikombe. Uliendelea kumimina mpaka mama akakushika mkono. Halafu uliniita Lusia mara tatu, na shangazi Lusia alifariki nikiwa darasa la pili. Ulipokwenda kisimani nilikuwa nyuma yako. Niliona unavutwa kushoto, kama mtu anayekata mteremko, na njia ya kisimani ni tambarare. Na kila asubuhi uliamka umeshika kichwa.

Baba Nyanzala naye aliona. Alipokuja kutusalimia alisimama katikati ya uwanja akakuiga. Aliyumba kushoto, akamimina chai ya hewa pembeni ya kikombe cha hewa, akasema hivi ndivyo Mfipa anavyokaribisha wageni. Majirani walicheka mpaka wakashika magoti. Wewe ulicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu yeye ni mtani wako tangu mlipokutana jeshini, na hiyo ndiyo kazi ya mtani. Baadaye nilijisikia vibaya, na bado najisikia vibaya.

Maktaba yetu ina kitabu kimoja cha mwili wa binadamu, kimetoka jalada. Kinasema mtu akiumwa kichwa kila asubuhi, akayumba upande mmoja, akachanganya majina, apelekwe hospitali apigwe picha ya kichwa. Sura hiyo nimeisoma mara nne nikitafuta mahali panaposema si lazima. Hapapo.

Naomba uende, Baba. Nisamehe kama nimekosa adabu.

Binti yako,
Restituta


Kikosini
23 Februari 2025

Kwa Restituta,

1. Marahaba. Barua yako nimeipokea na nimeielewa.

2. Kichwa changu ni kizima. Kimevaa kofia ya chuma miaka ishirini na saba, lazima kilalamike kidogo.

3. Usimsikilize Masalu, huyo Baba Nyanzala wako. Msukuma akimwona mtu anatembea bila fimbo anadhani anaanguka.

4. Nastaafu Ijumaa tarehe 27 Juni. Kutakuwa na gwaride la kutuaga. Tutapita mbele ya mkuu wa kikosi, tutapiga saluti, kisha tutatoka lango kuu kwa miguu yetu, askari wamejipanga pande mbili. Mama yako atakuja. Wewe utakuwa na mtihani wa majaribio, ule wa moko. Fanya mtihani.

5. Nikiwa kuruta nilimwona sajini mmoja aliyeondolewa jeshini kwa ugonjwa. Alitolewa lango la nyuma kwenye gari la kuni, amelala, vitu vyake kwenye gunia. Hakuna aliyempigia saluti. Mimi nilikuwa nimeshika ufagio, na sikumpigia. Gari hilo bado naliona.

6. Kwa hiyo kitabu chako kifunge mpaka Juni. Usimwambie mama yako. Hilo ni ombi, siyo amri.

7. Soma kwa bidii.

Baba yako,
Sajini Felisiani


Shuleni, Mpanda
9 Machi 2025

Baba Nyanzala,

Shikamoo. Najua mtani hashitakiwi, na mtoto hamfundishi mkubwa utani. Lakini wewe uko kikosi kimoja na baba, unamwona kila siku, na mimi sina mtu mwingine.

Naomba uache kumwiga. Sisemi kwamba unakosea. Nasema kwamba watu wakishacheka hawaangalii tena. Pale uwanjani kwetu kulikuwa na watu kumi na tano, na wote walimwona baba anayumba. Ulipomaliza kumwiga hakuna aliyekumbuka kwamba aliyumba. Walikukumbuka wewe.

Tafadhali mpeleke hospitali. Akikataa, mwambie mkuu wenu. Baba ameniandikia kwamba ni mzima, lakini katika barua hiyo hiyo ameniomba nisimwambie mama. Mtu mzima hafichi uzima wake.

Wako katika heshima,
Restituta


Kikosini
24 Machi 2025

Mtani wangu mdogo, binti wa Wafipa, watu wanaotuma radi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimekaa juu ya ndoo, nikaiweka chini, nikaichukua nikaisoma tena. Mimi shule niliiacha darasa la saba nikarudi kwa ng'ombe, kwa hiyo utanivumilia, naandika kama ninavyoongea.

Hiyo habari kwamba watu wakicheka hawaangalii, nani alikufundisha? Maana hiyo ndiyo kazi yenyewe. Baba yako ndiye aliyeniomba.

Novemba tulikwenda hospitali kubwa ya rufaa, mimi na yeye, tukiwa likizo, tumevaa kiraia. Alijiandikisha kama mkulima wa karanga. Akapigwa picha. Daktari akatuonyesha: ndani ya kichwa kuna uvimbe, mkubwa kama yai la kanga. Akasema afunguliwe kichwa kabla ya mwaka kuisha. Baba yako akamuuliza, nikifunguliwa nitarudi kazini lini? Daktari akasema huenda usirudi. Basi, akakunja ile picha kama gazeti, akasema atafunguliwa akishastaafu.

Njiani akaniambia, Masalu, kila nikiyumba, niige haraka. Ukiniiga wataona utani, hawataona mgonjwa. Nikaapa kwa ng'ombe wa baba yangu. Tangu siku hiyo nafanya hivyo. Akidondosha kijiko na mimi nadondosha. Akisahau jina la ofisa na mimi nalisahau, napewa adhabu ya kufyeka majani, nafyeka. Kambi nzima inasema mwaka huu Masalu amempatia Mfipa.

Imebaki miezi mitatu tu. Tukimtaja sasa watamtoa lango la nyuma, na wewe unalijua gari la kuni, najua alikuandikia maana ananiambia hiyo habari kila wiki. Mama yako akijua, ataleta kanisa zima hapa getini. Nyamaza kidogo, mtani. Juni siyo mbali.

Mimi,
Koplo Masalu


Kikosini
11 Mei 2025

Kwa Restituta,

1. Marahaba.

2. Umeniuliza majina ya vijiji tunavyopita kutoka Mpanda hadi nyumbani. Najua unachofanya. Nimefundisha makuruta, mtihani naujua nikiuona.

2. Vijiji ni vingi.

5. Masalu ananifunga kamba za buti asubuhi wengine wakiwa kwenye chai. Anaimba vibaya.

3. Nafanya mazoezi ya gwaride. Kushoto nakwenda vizuri. Kulia lazima nikumbushwe.

Karanga za mama yako zimeshang'olewa? Nasikia harufu ya karanga humu chumbani na hakuna karanga.

5. Soma kwa bidii, Lusia.

Baba


Shuleni, Mpanda
25 Mei 2025

Baba Nyanzala,

Shikamoo. Baba ameandika namba mbili mara mbili na namba tano mara mbili. Namba nne haipo. Ameniita Lusia kwa maandishi. Mdomo unaweza kuteleza, lakini kuandika ni polepole, alikuwa na muda wa kunikumbuka.

Jana ilikuwa siku ya wazazi. Mama alikuja na viazi vya kuchemsha. Tulikaa kwenye nyasi nyuma ya bwalo, akaniuliza, "Baba yako anakuandikiaje?" Nikasema anaandika vizuri. Akasema afadhali, maana kwenye simu siku hizi anaongea maneno mawili anamwachia Masalu. Kisha akanimenyea kiazi kama nina miaka mitatu.

Sijawahi kumdanganya mama. Nilikuwa na nusu saa nzima ya kumwambia, na hakukuwa na foleni, nikala kiazi.

Zimebaki wiki tano. Nimezihesabu kwenye ukuta nyuma ya kitanda kwa kalamu ya risasi. Nakuomba umtazame kila hatua.

Restituta


Kikosini
29 Juni 2025

Mtani wangu mdogo,

Alipita. Alisema nianze na hilo, kwa hiyo naanza na hilo.

Wastaafu walikuwa kumi na mmoja. Nilimfunga buti, nikamwekea kokoto ndogo ndani ya soksi ya kulia ili aukumbuke mguu huo. Saluti alipiga sawasawa, mkono ulinyooka kama rula. Shida ilikuja kwenye kutoka langoni, hatua kama mia mbili hivi. Kufika katikati akaanza kuvutwa kushoto, akatoka kwenye mstari, akawa anawaendea wapiga tarumbeta. Mimi nilijipanga upande huo makusudi. Nikatoka bila ruhusa, nikajibandika ubavuni kwake, nikayumba kama yeye, tukayumba bega kwa bega mpaka tukarudi katikati.

Askari walipasuka kwa kicheko. Mkuu wa kikosi alitabasamu. Mama yako alikuwa jukwaani, alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Hakuna aliyejua kwamba uzito wake wote ulikuwa begani kwangu.

Nje ya lango alikaa kwenye jiwe. Akaniuliza, "Masalu, tumeshatoka?" Nikamwambia tumeshatoka. "Kwa lango lipi?" Lango kuu, nikamwambia. Akasema basi, akafunga macho, na mama yako akadhani anasali.

Jana tulimpeleka hospitali. Mama yako nilimweleza njiani, ndani ya gari, na sitakuandikia alivyokuwa. Daktari ni yule yule. Aliweka picha mbili kwenye taa, ya Novemba na ya jana. Akasema Novemba ilikuwa kazi ngumu, lakini ilikuwa kazi. Sasa uvimbe umeshika mahali ambapo kisu hakifiki bila kumuua. Akauliza kwa nini hatukurudi. Nikasema tulikuwa tunasubiri gwaride. Akazima taa, akaondoa picha zote mbili. Nilitamani anitukane.

Wamempa dawa za kupunguza maumivu na barua ya kurudi nyumbani. Mimi likizo yangu imekataliwa kwa sababu ya kutoka kwenye mstari.

Nilimficha vizuri mno, mtani. Hiyo ndiyo habari.

Masalu


Sibwesa
19 Julai 2025

Baba Nyanzala,

Niliandika shikamoo nikaifuta, nikaiandika tena. Shikamoo.

Mkuu wa shule amenipa siku tano. Nimemkuta baba kwenye kitanda cha sebuleni, amegeuziwa dirishani. Amenitazama muda mrefu halafu akasema, "Wewe ni wa kikosi gani?" Nikamwambia wa kidato cha nne. Akasema vizuri, nisimame legeza, kama askari aliyeruhusiwa kupumzika. Basi nikasimama legeza, kwa sababu sikujua afanyiwe nini mtu anayetoa amri nzuri namna hiyo.

Mkono wa kulia haunyanyuki. Mama anamlisha uji kwa kijiko kidogo cha mtoto. Jana alitaka kutembea. Tulimshika mimi na mama, akanyanyua mguu wa kushoto, akaushusha, akaunyanyua huo huo tena. Alifanya hivyo mara sita. Nikamwambia, "Baba, mguu wa kulia." Akautazama kama mguu wa mtu mwingine aliyekaa karibu naye.

Anakuulizia wewe. Majina yote yamekwenda, langu limekwenda, lako limebaki. Anasema, Masalu yuko wapi, nayumba.

Kitabu cha maktaba kilikuwa sahihi. Nilijua mwezi wa pili. Wewe ulijua Novemba. Daktari alijua. Watu watatu tulijua, na tulimwacha mama ajue ndani ya gari. Umemsaidia atoke lango kuu, na sasa ametoka, na hakumbuki lango lolote. Nilimuuliza. Hakumbuki gwaride.

Najua aliomba. Lakini alikuwa anaumwa kichwa ndani, Baba Nyanzala, na sisi wenye vichwa vizima tukamwachia yeye aamue.

Likizo ukiipata, usije. Sitaweza kukuona unatembea.

Hasira hizi nakuandikia wewe kwa sababu zile zinazonihusu mimi sijui niziandikie wapi.

Restituta


Kikosini
30 Agosti 2025

Mtani,

Ulisema nisije, nikaja. Kwenye mazishi ya baba yako hukuniangalia na mimi sikukusogelea. Uliyosema katika barua ile ni kweli yote, sina hata mstari mmoja wa kukata.

Nakuandikia kuhusu lile ulilolishuhudia. Unajua desturi. Mtani wa marehemu anavaa nguo zake, anatembea kama yeye, anaongea kama yeye, ili waliofiwa wamwone mara ya mwisho wacheke, moyo ulegee kidogo. Mama yako alinipa koti lake la kijani na zile buti. Nikavaa. Watu wakajipanga, wanasubiri. Nikasimama pale kwenye kona ya jiko, na mguu haukunyanyuka. Mzee Kasimiri wa jumuiya alisema kwa sauti mtani ameshindwa msiba, na ni kweli nilishindwa, nikakaa chini na koti la watu.

Walidhani ni uchungu. Uchungu ulikuwepo, lakini siyo huo. Nilipotaka kumwiga, mwili ulileta mwendo mmoja tu, ule wa kuyumba. Miezi tisa nimekuwa naufanyia mazoezi kila siku. Ule mwingine, wa Sajini niliyemkuta depo nikiwa kuruta, mtu aliyekuwa anatembea mbele yangu kwenye matembezi ya kilomita arobaini na mimi naangalia visigino vyake nisilale, nimeutafuta, haupo. Nimeufuta kwa kuucheza huu. Nikasema heri nikae kuliko kumleta pale mgonjwa mbele ya mama yako mara ya pili.

Arobaini ni tarehe 27 Septemba. Likizo nimepewa. Koti na buti ninazo. Lakini sina mwendo.

Wewe unaona vitu na unaviandika. Kama unaweza, na kama hutaki nitaelewa, niandikie alivyokuwa anatembea.

Masalu


Shuleni, Mpanda
14 Septemba 2025

Baba Nyanzala,

Shikamoo.

Kabla ya kurudi shule nilimwambia mama kwamba nilijua tangu Februari. Alikuwa anapepeta karanga. Hakuacha kupepeta. Ungo ulipoisha akasema, "Na mimi nilicheka jukwaani." Hatujaliongelea tena. Asubuhi aliniwekea uji, akaufunika kwa sahani usipoe. Sijui kama hiyo ni kusamehewa. Kitabu cha maktaba hakina sura hiyo.

Barua yako nimekaa nayo wiki nzima. Mwanzoni nilitaka kukujibu kwamba na mimi sikumbuki. Halafu nikaanza kuandika nyuma ya daftari la historia, na kila nikiandika moja likaja lingine.

Baba alikuwa anashukia barabarani, anatembea mpaka nyumbani na begi begani. Begi lilikuwa bega la kulia, kwa hiyo hilo bega likabaki chini kidogo hata akiwa hana begi. Lishushe, lakini kidogo. Kidole gumba cha mkono wa kushoto alikificha ndani ya ngumi. Hatua yake moja ilikuwa mbili zangu. Nilipokuwa mdogo nilizihesabu nikikimbia nyuma yake, na hakupunguza mwendo, ila alikuwa anasimama ghafla kufunga kamba ya buti ambayo haikuwa imefunguka, mpaka nimfikie.

Akitembea na mama alipunguza. Kwa mama alipunguza.

Alikuwa hageuzi shingo. Ukimwita aligeuka mwili mzima, kama mlango.

Tukiwa tumeanika karanga uwanjani, hakuzikanyaga na hakuzizunguka mbali. Alipita pembeni kabisa kwa ncha za vidole, buti zile kubwa, kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Mama alikuwa anamwambia siku moja utateleza. Hakuteleza. Nimemwomba mama siku hiyo aanike karanga.

Akifika ukingoni mwa uwanja alisimama akapiga buti chini mara mbili kukung'uta vumbi, kulia kwanza, kisha kushoto. Ndani ya nyumba tulikuwa tunajua amerudi kwa hizo mbili, kabla hajaongea.

Na mlango wetu ni mrefu kuliko yeye, wewe unaujua, lakini kila alipoingia aliinama. Nilimuuliza sababu nikiwa darasa la tano. Akasema amezoea handaki. Nafikiri alikuwa anatania. Sasa siwezi kujua.

Hayo ndiyo niliyonayo. Mazoezi uanze sasa, wiki mbili si nyingi. Usiweke kokoto kwenye soksi, mguu wa kulia ulikuwa mzima.

Mwalimu wa zamu ameniruhusu nije Ijumaa. Nitakaa mbele. Krismasi nilicheka mahali pasipo pa kucheka, kwa hiyo safari hii nitajaribu mapema, wengine wakisita. Ukipiga buti la pili mama atalia, na watu watakwambia usimame. Usisimame. Pita kando ya karanga, nenda mpaka mlangoni, uiname, uingie.

Restituta Felisiani